Likizo ya Mwisho wa Mwezi

Jumatatu, 22 Julai

Semina ya uongozi na ustawi kwa sisi watu wa fedha. Viti vimepangwa duara, meza zote zimetolewa nje. Mhasibu bila meza ni kobe bila gamba. Sikujua mikono niiweke wapi.

Mwezeshaji ni mama mmoja mpole, mwenye sauti ya kubembelezea watoto. Kila baada ya maneno machache anatuamuru tuvute pumzi. Kufikia chai ya saa nne tulikuwa tumeshambatiza Mama Pumua. Alisema kiongozi bora ni yule ambaye akiondoka kazi haisimami. Akasema tena kwamba asiyejua kupumzika hawezi kuongoza wengine. Mkurugenzi, aliyekaa karibu na mlango, akaitikia kwa kichwa. Nikaona. Mimi mambo kama hayo hayanipiti.

Maana mkuu wa idara yetu amestaafu na kiti chake kiko wazi. Waombaji ni wawili: mimi na Kikokotoo. Huyu ni binti wa meza ya jirani. Tulimpa jina hilo kwa sababu hujumlisha kichwani upesi kuliko mashine. Sawa, ana akili. Lakini mimi niko idara hii tangu enzi za karatasi za kaboni. Marehemu mke wangu alikuwa akiniita Mkuu hata ninapotumwa mkate. Siwezi kumfanya mwongo.

Jumatano, 24 Julai

Mpango umenijia nikipiga mswaki. Nitaomba likizo wiki ijayo. Wiki ya kufunga hesabu za mwezi!

Idarani kwetu mtu haombi likizo wiki hiyo. Hata kuugua tunaugua mapema. Mwenzetu mmoja aliwahi kusogeza harusi yake mbele, na bibi harusi, ambaye pia ni mhasibu, akaona ni jambo la busara. Hapo ndipo penye ujanja wangu. Kwanza, Mkurugenzi ataona ninavyojali ustawi. Pili, hesabu zitawashinda, watanipigia simu wakilia, nitarudi kuwaokoa. Nitapata ng'ombe na kamba yake.

Mkurugenzi alisoma ombi langu mara mbili, akauliza kama naumwa. Nikasema natunza ustawi. Nikavuta pumzi ndefu mbele yake, kwa ushahidi. Akasaini.

Kikokotoo akaja kukabidhiwa kazi. Nilimweleza kwa mkato na kwa haraka, nikitumaini nusu itampita. Akaniambia nipumzike vizuri, mzee wangu, wao watakuwa salama.

Mzee! Nywele nyeusi ninazo nyingi tu. Ziko kwa nyuma.

Jumatatu, 29 Julai

Likizo. Shemeji, mdogo wa marehemu mke wangu, alipita asubuhi akanikuta sebuleni nimevaa suruali ya kazi na soksi, simu mkononi. Akauliza naelekea wapi. Nikamweleza mpango. Alicheka mpaka akakalia ndoo.

"Shemeji," akasema alipopata pumzi, "asiyekuwepo na lake halipo. Umemwachia mwenzio uwanja, umemwachia na mpira, halafu wewe umekaa nyumbani unangoja kushangiliwa?"

Nikamwambia mambo ya fedha ni mazito. Akakubali kwamba ni mazito, ndiyo maana yamenilemea kichwa. Dada yake angecheka hivyohivyo, akianzia puani.

Simu haijalia. Bado mapema.

Jumanne, 30 Julai

Leo lazima. Leo ndiyo siku ya kulinganisha vitabu vyetu na vya benki, na kila mwezi kuna kitu kinapotea. Nimeiweka simu juu ya kabati, mahali penye mtandao mzuri, nikavuta kiti chini yake.

Ililia! Ni mtu anamtafuta fundi bomba. Kakosea namba. Tulizungumza kidogo hata hivyo; sinki lake linarudisha maji, masikini.

Mchana nikamwomba shemeji anipigie, nihakikishe simu ni nzima. Ni nzima. Baada ya hapo akaendelea kunipigia bila kuombwa, amebana pua, anajifanya Mkurugenzi, analalamika kwamba idara inazama. Mara ya pili niliamini. Nilikuwa nimeshavaa kiatu kimoja.

Jumatano, 31 Julai

Siku yenyewe. Nilivumilia mpaka alasiri, kisha nikaenda ofisini. Kisingizio: kufuata mwavuli.

Ngazini nilisikia kicheko. Mwisho wa mwezi idarani kwetu hakuchekwi. Huwa tunanong'ona kama wenye msiba. Nikafungua mlango. Wamekunywa chai, madirisha yako wazi. Kikokotoo alikuwa amegawa kazi, kila mmoja na fungu lake, na anayemaliza anamsaidia aliyebaki nyuma. Urari wa hesabu umelingana tangu mchana, pande zote mbili, kama mizani ya duka la dhahabu. Wakanipa kiti cha mgeni. Cha mgeni! Wakauliza likizo inaendaje. Mmoja akachungulia nje, jua kali, akauliza mwavuli ni wa nini. Nikasema ni wa tahadhari.

Nikarudi nyumbani kukiwa bado kweupe.

Miaka yote siku kama hii nilikuwa nachelewa. Mke wangu alikuwa akiniwekea chakula, amekifunika kwa sahani nyingine, na juu ya sahani ameweka kijiko ili paka akigusa asikie. Alikuwa akiniuliza kutoka chumbani, "Mmefunga?" Urari ni nini hakujua, lakini ukilingana alifurahi kana kwamba binamu yake kajifungua salama. Leo nimekula mapema, chakula cha moto. Nilikifunika kidogo, nikakifunua mwenyewe. Haikuwa vile.

Jumatatu, 5 Agosti

Usaili. Mezani: Mkurugenzi, afisa utumishi na Mama Pumua. Nilivaa tai ya bluu, ile aliyosema mke wangu kwamba inanipa shingo.

Mkurugenzi alianza kwa kunisifu. Kwamba katika kazi yake yote hajaona mtu mzima akiondoka wiki ngumu kuliko zote, na idara ikafunga hesabu mapema bila kelele. Kwamba huo ndio uongozi uliofundishwa kwenye semina. Mama Pumua alikuwa akinitazama kama mtoto wake aliyeanza kutembea. Mkurugenzi akauliza niliwaandaaje.

Mlango uko wazi, na wenye nyumba wananivuta mkono niingie. Ningejibu tu: kwa subira. Nilifungua mdomo niseme hivyo, lakini moyo ulikuwa umevimba tangu Jumatano.

Nikasema haiwezekani. Hesabu haziwezi kulingana mapema namna ile bila mimi. Nikaomba zikaguliwe upya. Afisa utumishi akauliza, kwa upole, kama nasema kwamba idara niliyoilea haiwezi kazi. Nikasema haiwezi hata kidogo. Safari hii Mama Pumua alivuta pumzi peke yake, bila kutualika.

Shemeji alipopata habari akasema mgema akisifiwa tembo hulitia maji, lakini mimi nimepiga teke na kibuyu.

Jumatano, 7 Agosti

Zimekaguliwa. Hazina kosa. Kikokotoo ndiye mkuu wa idara.

Nilijipanga kwa majigambo yake. Nilikuwa na majibu matatu makali tayari. Akaja, akavuta kiti, akakaa mezani kwangu kama tulivyokuwa tukikaa alipoanza kazi, nikimwonyesha namna ya kutafuta tofauti iliyojificha. Nikamwambia, kwa sauti ya chini, kwamba wangenipigia simu hata mara moja tu. Hata kwa uongo.

Akasogeza kiti karibu.

"Tulikatazana, mzee wangu," akasema. "Kila tulipokwama tulisema, angekuwepo angeanzia wapi? Tukaanzia hapo. Lakini kukupigia, hapana. Tangu mama atangulie hatujakuona ukipumzika hata siku moja. Tulisema safari hii aachwe."

Wote idarani walimwita mke wangu mama.

Nikamwambia feni inarusha vumbi, macho yananiwasha. Feni ilikuwa imezimwa. Akainuka, akaenda kuizima, kwa heshima.

Majibu yangu makali sikuyatumia. Yapo, hayaozi.

Ijumaa, 9 Agosti

Uamuzi wa kwanza wa mkuu mpya: idara iwe na mratibu wa ustawi. Kazi yake ni kuhakikisha watu wanachukua likizo na wanarudi nyumbani mapema. Amenichagua mimi. Amesema mbele ya wote kwamba hakuna anayeijua thamani ya kupumzika kama mtu aliyekwisha kuionja. Wakapiga makofi. Shemeji amefurahi sana, amesema sasa hatimaye nitatulia.

Nimetulia kweli. Na katika utulivu huo nimeona mianya mingi. Watu hapa wanapumzika ovyo, kila mtu kivyake. Nimeandaa utaratibu. Kuanzia Jumatatu, anayetaka likizo atakuja kwangu aeleze amechoshwa na nini, nami nitapima. Anayetaka kuondoka mapema, kwangu. Hata anayetaka kunyoosha miguu nje ya saa ya chai, kwangu. Nimesogeza meza yangu mlangoni ili asinipite mtu, na nimeomba kiti cha pili kwa ajili ya foleni.

Mimi mwenyewe likizo sichukui tena. Nikiondoka, nani atapumzika?