Taulo Jeupe la Karani Mkuu

Jumatatu, 27 Mei

Msiba. Meneja mpya ameanza kazi leo, na kabla ya saa sita mchana alikuwa ameshanizika.

Anaitwa Nivedita Kujur. Umri wake ni sawa na wa binti yangu Chitra. Amefika hapa ushirika wa mbolea wa Jabalpur kwa skuta, akiendesha mwenyewe, helmeti kichwani. Ametukusanya na kusema kwa upole (upole wake ndio unaonitisha) kwamba kuanzia Jumatatu ijayo hakuna meza ya mtu. Meza zetu zote zinatoka. Inaingia meza moja ndefu, kila mtu akae anapopenda. Kengele za kumwitia tarishi zitaondolewa, anayetaka chai ataifuata. Tuitane kwa majina, habari za bwana na madam basi. Na yale mataulo kwenye migongo ya viti, akasema, tuyarudishe bafuni yalikotoka.

Mataulo! Amesema kwa wingi, lakini ofisi nzima taulo ni moja tu. Langu mimi, Khare.

Baba yangu alikuwa tarishi wa idara ya umwagiliaji. Maisha yake yote alisimama mbele ya kiti chenye taulo jeupe, na kila Jumapili mama alilifua taulo la mkubwa yule kwa buluu. Sisi watoto tulikatazwa kuligusa hata likiwa kambani. Mwaka jana nilipopandishwa kuwa karani mkuu, sikuomba kiyoyozi wala chumba changu. Nilikwenda sokoni nikanunua taulo. Baba alikuwa ameshafariki, hakuliona.

Solanki, mhasibu, alimpigia Madam makofi. Solanki huyu huyu ambaye mwaka jana alikuwa akilitamani taulo langu kama paka aliyeona maziwa! Kesho atakuja na suruali ya jinzi, mtaniambia.

Nimeapa. Kiti changu hakitoki pale.

Jumanne, 28 Mei

Solanki amekuja na jinzi. Amemwita Madam "Nivedita" mara nne kabla ya chai. Mimi siwezi. Ulimi unakataa. Nikitaka kumwita nakohoa tu, na mchana ameniuliza kama ninaumwa kifua.

Lakini akili ni mali. Skuta anaendesha, sawa, ila nani katika mji huu anahamisha hata kabati bila kuuliza pande za dunia? Nimemleta shemeji yangu Purushottam, mchora ramani mstaafu, ambaye siku hizi huzunguka na dira kwenye nyumba za watu kuwaambia jiko liwe wapi na kitanda kielekee wapi. Njiani nilimpanga vizuri. Aseme tu kwamba samani zikihamishwa katika hizi siku tisa za jua kali, ambazo watu wa kwetu huziogopa, ofisi itapata balaa. Akaniambia niwe na amani.

Madam hakukataa. Alisema hata mama yake hahami nyumba bila ushauri. Akamkaribisha shemeji maji ya limau, akamwita "Mwalimu", na hapo ndipo mambo yalipoharibika, maana shemeji akiheshimiwa huwa mkweli. Alizunguka ofisi nzima na dira yake, akatazama dari, akafumba macho. Kisha akatangaza kwamba ofisi ni njema na ina baraka tele, isipokuwa kitu kimoja: kiti kile chenye taulo. Kimeelekea kusini, upande wa Yama, mungu wa mauti. Kitoke, tena kisingoje hiyo Jumatatu.

Kisingoje! Mchimba kisima huingia mwenyewe, na mimi nimeingia na shemeji juu yangu. Solanki alisogeza kiti chake mbali na changu mbele ya watu wote. Tulipotoka nilimuuliza shemeji kwa nini amenichinja. Akanijibu kwamba dira haina undugu.

Jumatano, 29 Mei

Leo nimeumwa mgongo. Niliingia nimejipinda, nikimshika Bhaiyalal begani. Bhaiyalal ni tarishi wetu, anastaafu keshokutwa, mtu mpole ambaye kila asubuhi hulinyoosha taulo langu kabla sijafika. Nilimweleza Madam, baada ya kukohoa, kwamba mganga wa mifupa amenikataza kiti kingine chochote isipokuwa kile changu.

Alinihurumia kwelikweli. Ndiyo shida ya mtu huyu, anakuamini. Alinishika mkono akanikalisha kwenye kiti chake mwenyewe, cha wavu, chenye magurudumu, akasema kilitengenezwa kwa ajili ya migongo kama wangu. Yeye akachukua stuli.

Taulo halikai kwenye kiti cha wavu. Nililitandika, likateleza. Nililibana kwa vibanio vya karatasi, likateleza pamoja na vibanio. Kila lilipoanguka Bhaiyalal aliliokota, akalikung'uta, akalirudisha, wala hakucheka. Solanki alicheka kwa niaba yake.

Kiti changu kikapelekwa stoo kusubiri mnada. Nilikipitia jioni. Mto bado una shimo la umbo langu. Machozi yalinilenga, siandiki uongo.

Basi nikachukua hatua. Nilimwambia mlinzi nakipeleka kwa fundi seremala. Nikaita guta, nikakipakia pamoja na taulo lake, nikakileta nyumbani. Huu si wizi. Ni uokoaji.

Alhamisi, 30 Mei

Mpango ulikuwa hivi: ofisini nikae popote kama mtu wa kisasa, jioni nirudi nyumbani nikae kwenye kiti changu, taulo mgongoni, kama mtu. Mpango safi.

Nimerudi nimemkuta Kamla amekikalia.

Mke wangu tangu mwaka huu uanze anapika chakula cha mchana cha wanafunzi wa hosteli mtaani kwetu. Mimi nilidhani ni mchezo wa kupitisha muda, na majirani nimewaambia hivyo hivyo. Kumbe ana simu mbili na wanawake wawili wanaomsaidia. Alikuwa amekaa pale, miguu ardhini, mgongo umenyooka, akimwambia mtu wa simu kwamba dengu za kesho ni za njano na asiyetaka aseme sasa. Taulo lilikuwa limefuliwa. Lilikuwa jeupe kuliko nilivyowahi kuliona.

Nilimwambia kwa heshima kwamba kile ni kiti cha kazi. Akasema na yeye yuko kazini.

Nikajiegesha kitandani kama mgeni. Hapo likatokea jambo ambalo sijui niliandikeje. Miaka yote ya ndoa yetu Kamla ananiita Baba Chitra. Mke wa kwetu hatamki jina la mumewe, wazee wanasema humpunguzia siku za kuishi. Mama hakulitamka la baba mpaka anakufa. Lakini Chitra alikuwa amemhadithia kwa simu sheria mpya za ofisini kwetu, kwa sababu mimi mwenyewe nilimpigia Chitra kulalamika.

"Triloki," akasema, bila hata kugeuka, "niletee maji."

Nilishika kifua kuhakikisha moyo unapiga. Unapiga. Nikampelekea maji.

Ijumaa, 31 Mei

Mchana tumemuaga Bhaiyalal. Shada la maua ya njano, shali, nazi, saa ya ukutani, kama ilivyo desturi. Solanki alitoa hotuba kuhusu usawa huku akimtuma Bhaiyalal amletee maji ya kunywa.

Kisha Madam akamuuliza mzee kama kuna jambo moja analolitaka kabla hajaondoka. Sote tulidhani ataomba barua ya kumsifu. Bhaiyalal alitazama viatu vyake.

"Nipigwe picha nimekaa," akasema. "Kwenye kile kiti cha Mkubwa Khare, chenye taulo. Wanangu wako mbali, Surat, hawajawahi kuniona ofisini nikiwa nimekaa."

Madam akatuma mtu stoo. Mtu akarudi na habari kwamba stoo hakuna kiti. Mlinzi, Mungu amlipe, akasema kwa sauti, tena kwa "ji" ya heshima, kwamba Khare-ji alikipeleka kwa fundi juzi. Watu wote wakanigeukia. Nikasema ndiyo, mguu ulikuwa unalegea. Madam akauliza kama fundi yuko karibu. Nikasema karibu sana. Nikatoka mbio, na mgongo wangu mgonjwa, na Solanki akautaja mgongo huo nikiwa bado mlangoni.

Kamla alikuwa kwenye simu. Alisema kiti hakitoki mpaka amalize oda. Nikamdanganya hili na lile, hakuinuka. Mwishowe nikamwambia ukweli wote: stoo, mlinzi, guta, na maneno ya Bhaiyalal. Akakata simu. Akasimama, akalinyoosha taulo kwa viganja.

"Baba yako je," akaniuliza, "kuna picha yake amekaa?"

Nikamwambia hakuna. Ipo moja tu, na amesimama nyuma ya wengine. Kamla alinisaidia kukibeba hadi nje. Guta lilikuwa na nafasi ya kiti peke yake. Basi kiti kikapanda, mimi nikakifuata kwa miguu kwenye jua lile, nikilishika taulo lisipeperuke.

Bhaiyalal alikaa. Alikaa pembeni kabisa mwa kiti, kama anayekalia kitu cha moto, na mikono hakujua aiweke wapi. Madam akamwambia ajiegemeze. Akajiegemeza. Picha ikapigwa. Halafu akaiona kengele yangu mezani, ile ambayo ameikimbilia siku zote hizi. Akaniangalia kuniomba ruhusa, nikaitikia kwa kichwa, naye akaibonyeza.

Watu wakacheka. Kisha kicheko kikaisha, kwa sababu kengele imelia na hakuna anayekuja. Wa kuja ndiye aliyekaa. Mzee akaanza kuinuka mwenyewe. Mazoea.

Sijui ni nani aliyeipeleka miguu yangu jikoni. Najua tu kwamba nilirudi na glasi ya chai ya tangawizi kwenye sahani, nikasimama mbele ya kile kiti, mahali hasa ambapo baba angesimama, nikainama kidogo.

"Ndiyo, Mkubwa," nikasema.

Bhaiyalal aliipokea kwa mikono miwili. Hatukuangaliana. Nilibaki nimesimama pale mpaka alipomaliza chai yake, nikaipokea glasi. Nilimwonea baba huruma, nikajionea fahari, nikaona aibu, vyote kwa pamoja.

Madam hakuniuliza habari za fundi. Alisema tu kwamba kiti kile ni cha Bhaiyalal, akichukue pamoja na taulo. Nikasaidia kukipakia. Nilipomuaga Madam nilisema, "Kesho njema, Nivedita," likanitoka lenyewe. Akatabasamu. Akasema kesho ni mapumziko, Triloki-ji.

Usiku nimemwambia Kamla kwamba mimi ni mtu mpya. Sitaki tena kiti, taulo wala kengele. Mtu ni utu. Kamla akasema vizuri, yeye kesho anakwenda kujinunulia kiti chake.

Jumatatu, 3 Juni

Meza ndefu imeanza kazi! Iliingizwa Ijumaa jioni, kabla Bhaiyalal hajaondoka. Nzuri, ya mbao nyepesi, watu wote sawa. Niliamka na moyo mweupe. Nilipokuwa nikinyoa ndevu ndipo nikakumbuka jambo ambalo Nivedita, kwa ujana wake, hakulifikiria. Meza ya duara haina mkubwa. Lakini meza ndefu ina kichwa.

Tena kichwa chake kiko upande wa kaskazini, kwa hiyo anayekaa pale anaelekea kusini. Nimempigia shemeji. Anasema kusini ni kubaya kwa viti vya zamani tu, kwa viti vipya atatazama upya.

Sikumwambia Kamla. Nilikunja taulo jipya mkobani (dogo, la mikono, mtu hawezi kuliita taulo), nikafika ofisini kabla ya mlinzi kufungua lango. Nikaingia wa kwanza. Nikaenda moja kwa moja kwenye kichwa cha meza.

Kwenye mgongo wa kiti cha pale lilikuwa limetandikwa taulo. Jeupe. Kubwa. Limefuliwa kwa buluu, na pembeni limetariziwa kwa uzi mwekundu: Solanki.

Alilitandika Ijumaa jioni, mwenye jinzi yule, sote tulipokuwa nje tukimpungia mkono Bhaiyalal.

Nimekaa siku nzima katikati ya meza, nimetabasamu, nimejichotea chai mwenyewe. Nivedita amenisifu mbele ya wote kwamba nimebadilika kuliko mtu yeyote. Nimemshukuru kwa jina. Halafu wakati wa chakula nimeipima meza kwa shubiri, na nimegundua kwamba ina kichwa cha pili, upande wa dirishani, penye upepo. Kesho naingia na taulo la kuogea.