Habari za Mama Vifungo na Sufuria Iliyonyamazisha Nyumba

"Hivi humo ndani mmeanza kufuga mbuzi, au ni watu wanaokohoa?"

Ndivyo alivyouliza jirani seremala, kichwa juu ya ukuta wa ua na randa mkononi, na kwa swali hilo vita vikawaka. Basi sogeeni, enyi wake kwa waume, wenye kamasi na wasio na kamasi! Zimeni redio, wekeni chini nyungo, msikie habari za Mama Vifungo, mjane mshona nguo, bingwa wa sindano, mwenye kidole kisichochomeka, jinsi alivyoingia jikoni mchana kweupe akapambana na Kikohozi. Na Mola amshike mkono mwenye kusimulia asije akazidisha chumvi, maana habari yenyewe ina tangawizi ya kutosha.

Kikohozi, adui asiyepiga hodi, alikuwa ameiteka nyumba ile chumba baada ya chumba. Alianza na Kitinda Mimba, akambwekesha kama mtoto wa mbwa. Akamvamia Kifungua Mimba, binti mwenye haya, ambaye alikoholea ndani ya mtandio ili watu wasijue, na watu wakajua. Akamwangusha mjomba wao, dereva wa lori, ambaye kila akiamka kifua chake kilinguruma kama injini isiyotaka kuwaka. Mwisho akamrukia Mama Vifungo mwenyewe, na tangu hapo hapakuwa na mshono ulionyooka katika nyumba ile, kwa kuwa kila akikohoa cherehani ilikwenda upogo, na shati la watu likatoka na mkono mmoja mfupi.

Lile swali la seremala halikukaa uani. Lilitembea, likapita sokoni, likamfikia Wifi Mkubwa, dada wa marehemu mume wa Mama Vifungo, mwanamke mrefu asiyeketi mpaka akifute kiti. Naye akaja, na mkononi ana mkoba mkubwa usio na kitu ndani.

"Wifi, mimi si mtu wa maneno mengi," akanena, kisha akaketi akayasema yote. "Kaka yangu hakuacha watoto ili wakohoe mpaka majirani wawaite mbuzi. Kwangu kuna madirisha, kuna hewa. Nawachukua wote wawili. Wakipona, tutaona."

Mama Vifungo aliifahamu vizuri "tutaona" ya wifi yake. Kabati la marehemu lilitoka kwa "tutaona" hiyohiyo matanga yalipokwisha, na mpaka leo halijaonekana. Lakini kabati ni mbao. Watoto hawa ndio sauti iliyobaki katika nyumba, na hata sauti hiyo ikiwa ya kukohoa, yeye alikuwa akiilalia na kuiamkia, akimshukuru Mungu kwa kila mkoromo. Moyo ukamshuka mpaka kwenye kandambili.

Hata hivyo akasimama, akajifunga upande wa kanga kiunoni, akasema kwa sauti kuu iliyokwaruza, "Ee dada wa mume wangu! Usinishinde kabla sijapigana. Nipe nafasi ya sufuria moja tu ya dawa. Moja! Ikishindwa, nguo zao nitazipanga mkobani mwako mimi mwenyewe."

"Sufuria moja," akajibu Wifi Mkubwa. "Lakini wakishakunywa, nikimsikia hata mmoja kakohoa, hata kwa bahati mbaya, wanavaa viatu."

Ndipo shujaa akashuka jikoni. Akawasha mkaa, akaupepea mpaka ukawa mwekundu kama macho ya mdai. Akateka maji kwa sufuria yake kongwe, iliyobonyea ubavuni kwa mapigo ya miaka mingi. Akaitwaa tangawizi, akaitupa kinuni, akaiponda bila huruma. Akaikunja michaichai kama anayefunga mateka. Akakamua malimau mpaka mbegu zikaomba radhi. Akatia karafuu, nayo asali akaiweka kando kama malkia anayesubiri vita viishe. Mvuke ukapanda, ukajaza jiko, ukaingia ukumbini alikoketi mgeni, ukamzunguka miguuni.

Sasa, Mama Vifungo hakuwa mtu wa kugawa dawa bila dua. Akaiacha sufuria ikitokota, akaingia chumbani, akaomba. Na dua yake haikuwa fupi: aliwataja wagonjwa wote anaowajua, na wachache asiowajua. Aliporudi akachota kwa kijiko, akaonja. Hakusikia ladha. Akaonja tena. Maji ya moto matupu! Akastaajabu, kisha akaimimina tangawizi yote iliyosalia kinuni, akatia asali, akakoroga, akachuja.

Vikombe vikapangwa mezani. Wakanywa kwa pamoja, wakameza, wakatua.

Hakuna aliyekohoa.

Mjomba, aliyeshinda milima na matope, alishika meza kwa mikono miwili. Machozi yakamtiririka. "Dada," akanong'ona, "umetia nini humu?"

"Tangawizi tu. Kidogo."

"Mungu wangu. Mimi nilipita nikaonja, nikaona haina kitu. Nikaongeza konzi ya tangawizi."

"Na mimi niliongeza, mama," Kifungua Mimba akasema ndani ya mtandio. "Nilidhani umesahau."

Kumbe hapakuwa na pua hata moja iliyo wazi katika jeshi lile! Walioonja wote walikuwa na mafua, na kila mmoja alidhani kasoro ni ya sufuria.

Wifi Mkubwa akainua sikio. Hapo kifua cha Kitinda Mimba kikatuna. Mashavu yakavimba, macho yakatoka. Mama Vifungo akamkazia macho, midomo ikimchezacheza kwa dua. Kikohozi kikapanda mpaka kooni, kikakutana na moto uliokaa pale, kikageuka kurudi kilikotoka kama mgeni aliyekosea mlango.

Mara mtu akakohoa. Akakohoa tena, kikohozi kikavu, kirefu, cha mvuke uliomkaba.

Wote wakageuka. Alikuwa ni Wifi Mkubwa.

"Shangazi," akauliza Kitinda Mimba kwa heshima zote, "na wewe uvae viatu?"

"Nyamaza wewe!" mama akamkemea, lakini mkono wake ulikwisha kujaza kikombe. Akakipeleka kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo. "Karibu dawa, wifi yangu."

Kukataa kungekuwa kushindwa. Wifi Mkubwa, mwenye pua nzima peke yake katika nyumba ile, akakigugumia chote.

Na isimuliwe kwa wajukuu na vitukuu kwamba siku ile, kwa sufuria moja iliyobonyea, mjane mshona nguo alimlaza Kikohozi chini na kulinda watoto wake, na randa ya seremala ng'ambo ya ukuta ikasimama kusikiliza ukimya ule. Wifi Mkubwa akakiweka kikombe mezani polepole. Akafuta macho kwa ncha ya ushungi. Akauchukua mkoba wake mtupu, akatafuta viatu vyake kwa kupapasa, akatoka.