Bakshishi ya Wabeba Kabati

Jumatano, 3 Machi

Tunahama Jumamosi. Mke wangu amekodi watu wa kuhamisha vitu, wenye lori lao. Amenikabidhi bahasha: bakshishi yao. Maagizo: kazi ikiisha nimpe kila mmoja mkononi mwake, nimtazame usoni, niseme asante. Basi. Akarudia tena, kana kwamba anamtuma mtoto dukani.

Mimi na bahasha tumekaa chumbani tukatazamana. Nimewaza. Bakshishi hupewa mtu usiyemjua. Rafiki ukimpa bakshishi unamtukana! Kwa hiyo nikiwafanya marafiki mapema, bahasha inabaki nyumbani na heshima yangu inapanda. Mpango safi. Sijui kwa nini watu wengine hawatumii akili.

Kikwazo: shemeji. Kaka yake mke wangu atakuja "kusaidia". Huyu bwana anagawa bakshishi kama anamwagilia maua. Mlinzi wa jengo letu humpigia saluti. Mimi nimeishi hapa miaka yote hii, na mlinzi bado huniuliza naenda kwa nani.

Alhamisi, 4 Machi

Kiongozi wa wahamishaji amekuja kukagua mizigo. Ni mwanamke! Mfupi, mabega kama mlango, kamba imezungushwa kiunoni. Kimoyomoyo nimeshampa jina: Mama Kamba.

Alipita vyumba vyote bila kugusa kitu, mpaka akafika kwenye kabati la mama mkwe. Hilo kabati ndilo roho ya nyumba. Marehemu baba mkwe alikuwa seremala, alilitengeneza mwenyewe mwaka aliooa, na mlango wake mmoja ni kioo kitupu kutoka juu hadi chini. Mama mkwe alipofiwa alikuja kuishi nasi, na kabati likaja naye. Ameshasema: siku kioo kile kikipasuka, anahamia kwa mwanawe, na hatauliza nani kakivunja. Atakuwa anajua.

Mama Kamba akalipitishia kiganja taratibu, kama anampapasa ng'ombe mpole. Akasema aliyelitengeneza alikuwa anampenda mtu. Mama mkwe akatabasamu! Mimi tangu nioe nimepata tabasamu moja tu, nalo ni la siku niliyoteleza bafuni.

Nikaanza urafiki. Nikamwita dada. Nikamtolea kichekesho changu kizuri kuliko vyote, kile cha daktari na kuku. Akasikiliza mpaka mwisho, kwa adabu. Akauliza kama taa ya ngazi inawaka.

Ijumaa, 5 Machi

Urafiki umekwama kwenye taa. Nimeomba ushauri kazini. Mhasibu anasema bakshishi hutolewa mwanzoni, ili vyombo viguswe kwa upole. Mama wa mapokezi anasema hapana, mwishoni, mkononi, na neno la shukrani, kama mke wako alivyokwambia. Nimemchagua mhasibu, kwa sababu anavaa miwani.

Jioni shemeji kapiga simu. Anauliza kama nina chochote cha kuwapa hao wabebaji, au alete yeye. Alete yeye! Damu imenichemka. Kesho nitatoa bahasha nzima asubuhi, hadharani, yeye akiwa amesimama pale pale. Aone. Ameze mate.

Nimesaidia kufunga vyombo. Sahani chini, pasi juu. Mke wangu amefungua yote na kufunga upya.

Jumamosi, 6 Machi

Ninaandika mguu ukiwa juu ya mto.

Asubuhi nilifika getini mapema. Shemeji yuko pale, mikono kiunoni. Lori limesimama, na pembeni yake mwanamume mwenye glavu na mkanda mpana wa ngozi. Huyu huyu! Nikakohoa ili shemeji ageuke. Nikatoa hotuba fupi kuhusu jasho na utu, nikamkabidhi bahasha kwa mikono miwili. Yule bwana akachungulia ndani, akachungulia tena. Akaniombea heri, akamwombea mke wangu, akawaombea na wajukuu ambao sina. Kisha akabeba mtungi wa gesi, akaufikisha kwa mpangaji wa chini, akapanda pikipiki, akaenda zake.

Muuza gesi!

Shemeji akauliza kwa nini nimempa muuza gesi pesa zote zile. Nikamjibu kuwa namheshimu sana.

Wahamishaji wenyewe walikuwa wameshapanda juu kwa ngazi ya nyuma, kazi inaendelea. Na kazi gani! Wako watatu. Mama Kamba, mdogo wake wa kiume asiyesema kabisa, nikamwita Bubu kwa siri, na mwanamume mmoja mrefu anayeimba kwa sauti ya chini. Bubu aliibeba friji mgongoni kama mzazi aliyebeba mtoto aliyelala, akashuka nayo polepole asije akaiamsha. Mrefu akiimba, wote wanapiga hatua. Akinyamaza, wote wanatua. Hakuna anayefoka, hakuna anayemlaumu mwenzake. Godoro letu, lile ambalo jana lilinishinda likanilalia, Mrefu alilikunja, akalifunga, akalitupia begani akiwa katikati ya ubeti. Nikasahau kuwa sina hata senti. Nikasimama tu natazama, mdomo wazi, kama mtu aliyekuja mpirani.

Kisha kabati. Limevikwa mablanketi, limefungwa, linateremka ngazi. Mama mkwe yuko juu, mkono mdomoni. Nikaona huu ndio wakati wangu. Nikasimama chini yao kwenye kona, nikaanza kuwaongoza. Kushoto! nikasema. Kushoto kwangu. Kwao, kulia. Mrefu akakatiza wimbo. Nikarudi nyuma kidogo nione vizuri, mguu ukatumbukia kwenye ndoo ya kudekia, nikaanguka kwa makalio pale pale kwenye kona, miguuni pa Bubu. Bubu akaruka ili asinikanyage. Kabati likaegemea.

Mama Kamba akaingiza bega chini yake. Bega moja tu. Mimi nimelala sakafuni, namwona kwa chini: mishipa ya shingo imemsimama, jasho linamdondoka kidevuni, na uso umetulia kama wa mtu anayesubiri chai ichemke.

"Baba," akaniambia, "naomba utoke kwenye ngazi."

"Ndoo imening'ang'ania mguu!"

"Basi toka nayo."

Nikatoka nayo. Mrefu akaanza tena wimbo wake, kutoka pale pale alipouachia. Kabati likanyooka, likashuka, likaingia kwenye lori kama bibi harusi anaingizwa garini. Kioo kizima. Mama mkwe akaketi kwenye ngazi akalia. Nami nikalia, kidogo, ndani ya kola. Sijawahi kuona watu wa namna hii. Kama ningekuwa kabati, ningetaka kubebwa na hawa.

Tulipofika nyumba mpya nikajiapiza kwamba hawaondoki mikono mitupu. Mfukoni nina ufunguo na kifungo cha shati. Nikaikumbuka baiskeli yangu ya mazoezi, ile isiyokwenda popote. Mali nzuri, karibu mpya.

"Ichukueni," nikawaambia.

Bubu akaichukua, akaipandisha hadi chumbani. Akaifuta na vumbi.

"Hapana, ichukueni!"

Akaishusha sebuleni, akaipanga karibu na dirisha.

"Jamani, ichukueni!"

Akaitazama, akanitazama, akaipeleka uani, chini ya kamba ya kuanikia nguo. Nikamsikia Mrefu akimnong'oneza Mama Kamba kuwa pengine baba alijigonga na kichwa pia.

Wakaanza kukunja mablanketi. Saa ya aibu imefika. Nikajifungia stoo, kati ya fagio na makopo ya rangi, jicho kwenye upenyo wa mlango. Shemeji alikuwa akijipapasa mifuko. Kumbe pochi kaiacha kwake! Hata katika dhiki ile nilipata faraja kidogo.

Ndipo mama mkwe akawaendea, mmoja mmoja. Hakutoa hotuba. Akafungua mkoba wake mweusi, akamwekea kila mtu chake mkononi, akakifumba kile kiganja kwa mikono yake miwili, akamtazama usoni.

"Asante, mwanangu," akamwambia Mama Kamba. "Leo mmenibebea mume wangu."

Mama Kamba, aliyezuia kabati kwa bega moja, alikitazama kiganja chake kilichofumbwa. Akainamisha kichwa tu.

Kisha mama mkwe akawaambia kuwa pesa zile zimetoka kwa mkwe wake. Ni mtu mwema, ila ana haya. Yuko stoo.

Bubu akasogea mpaka mlangoni pa stoo. Maneno pekee niliyomsikia akisema:

"Asante, baba. Weka barafu mguuni."

Jumapili, 7 Machi

Mguu umevimba. Mezani mke wangu akauliza bahasha ilikwendaje. Nikasema vizuri sana, aliyepokea alifurahi mno. Shemeji, aliyekuja kula bila kualikwa, akasema ni kweli, muuza gesi alifurahi sana.

Vijiko vikasimama hewani.

Nikajieleza. Nilipofika pale nilipomwambia shemeji kuwa namheshimu sana muuza gesi, mama mkwe akaweka kikombe chini, akacheka mpaka akashika meza. Mke wangu hakucheka. Akasema tu, kwa upole, kuwa pesa ile alijinyima kuiweka, na kwamba kesho nimrudishie mama alichotoa. Angefoka ningepona haraka. Upole wake ndio unaouma kuliko mguu.

Jumatatu, 8 Machi

Nimemrudishia mama mkwe, mkononi, bila mbinu yoyote. Hata mimi nimejishangaa. Akakataa, nikasihi, akapokea. Akaniambia nikae kitandani pake.

Akafungua kabati. Upande wa ndani wa fremu ya mbao ya ule mlango wa kioo, chini kabisa, baba mkwe alichonga ua dogo ambalo huwezi kuliona mpaka upige magoti. Nilikuwa sijui. Tumeishi nalo nyumba moja na sikujua! Mama mkwe akasema wale watu pia hawakujua, lakini walibeba kama wanaojua. Ndiyo maana, akasema, mtu wa namna hiyo unamtazama usoni kabla hajaondoka. Huendi stoo.

Nikapiga magoti, mguu wangu mbovu na yote, nikaligusa ua lile. Nimeelewa. Nimeelewa kabisa!

Jumanne, 9 Machi

Kesho anakuja fundi bomba. Bomba la jikoni linadondosha. Mke wangu amenipa bahasha nyingine, nyembamba, na maagizo yale yale.

Nimewaza usiku na mchana kosa langu lilikuwa wapi, na nimelipata. Nilionekana mwenye nyumba! Mwenye nyumba lazima atarajiwe kutoa. Lakini fundi hadai bakshishi kwa fundi mwenzake. Haiwezekani. Ni kama kinyozi kumtoza kinyozi.

Nimenunua ovaroli. Ndiyo, kwa pesa ya bahasha, lakini hiyo ni gharama ya mwanzo, kila mradi unayo. Spana nimeazima kwa jirani mpya. Fundi akifika nitamwita kaka, tutainama pamoja chini ya sinki, tutatikisa vichwa, tutawalaumu waliolifunga. Akimaliza atanishukuru yeye.

Ili nisiwe mgeni kabisa kwenye ufundi, nimejaribu kulikaza bomba mwenyewe. Lilikuwa linadondosha. Sasa linamwaga. Mama mkwe ananiita kutoka jikoni, kwa sauti kubwa, na kwa jina langu kamili.

Nadhani ameipenda ovaroli.