Namba Moja kwa Marahaba

Jumatatu, 3 Machi
Msiba. Mabenchi ya tuisheni hapa barazani kwetu Kipawa yamebaki na wanafunzi watano. Wengine wote wamehamia kwa Mwalimu Gibson, anayefundisha fizikia mtandaoni akiwa kwake Mbweni. Mamdogo Apolonia kasema mwezi ukiisha hali ikiwa hivi, anafunga darasa lake, tunarudi Tukuyu. Tunarudi! Mimi niko kidato cha tatu na nina kadi ya maktaba! Nimeamua kumtafutia jukwaa la kufundishia mtandaoni, kwa tathmini ya kisayansi. Nimesoma mpaka masharti ya matumizi. Nani mwingine Kipawa kayasoma?

Jumanne, 4 Machi
Jukwaa la kwanza, la video. Lina sifa ya kuzima makelele lenyewe. Ndege ikapita, likazima makelele. Likamzima na Mamdogo. Kafundisha mwendokasi mdomo ukicheza tu. Aun, mchokozi wa darasa, akaandika: "Mwalimu, leo ni sala ya kimyakimya?" Alama mbili kwa kumi. Mamdogo kaniambia nimwondolee balaa langu. Hana moyo wa utafiti.

Alhamisi, 6 Machi
Jukwaa la pili, la kijamii. Watu wanachangia, wanajibizana, na walimu wanapangwa kwa wingi wa mazungumzo. Tisa kwa kumi!
Kipindi kikaanza. Kila mwanafunzi akaandika shikamoo mwalimu. Barazani huwa wanasimama na kuamkia kwa pamoja, basi. Huku, mmoja mmoja. Nikamshauri Mamdogo awajibu wote kwa mkupuo. Akaniuliza kama nimelelewa porini. Akamwitikia kila mmoja marahaba, akauliza na hali ya nyumbani. Mara bibi wa mwanafunzi mmoja, Zehra, akaingia kuona mjukuu anasoma nini. Ikabidi Mamdogo naye aamkie, aulizie na magoti. Kipindi kikaisha. Fizikia haikutajwa. Aun akauliza kama marahaba hutoka kwenye mtihani.

Ijumaa, 7 Machi
Mamdogo namba moja Dar nzima! Gibson wa tatu, maskini. Wanafunzi wapya wanamiminika. Nimewaagiza kwa siri waamkie asubuhi na jioni. Mamdogo hajui. Mambo makubwa hayahitaji kutangazwa.

Jumamosi, 8 Machi
Mamdogo kaweka swali la jiwe lililorushwa juu. Majibu: hakuna. Shikamoo za jioni: tele. Akauliza kulikoni. Aun akanitaja. Msaliti! Simu nimenyang'anywa. Mamdogo kaandika mwenyewe kwamba asiyeelewa aje kesho baada ya ibada, amuulize ana kwa ana. Nikamwonya kuwa tutashuka nafasi. Akasema nikaoshe vyombo.

Jumapili, 9 Machi
Mabenchi yamejaa, hadi ndoo zimekaliwa! Hata wa Gibson wamekuja. Wanalalamika kwamba ukiiuliza video swali, yenyewe inaendelea kuongea tu. Mamdogo akarusha kandambili juu tena na tena mpaka kila mtu akaelewa. Kasema hatuhami. Nilikuwa nyuma ya pazia. Loveness wa darasani kwetu akachungulia, akanisalimia mambo. Nikamjibu shikamoo.
Ripoti yangu imekamilika. Jukwaa la pili limefanya kazi kuliko nilivyotarajia: limewatoa watu majumbani. Nimelipandisha hadi kumi kwa kumi. Na mwalimu wa kwaya analia kwamba waimbaji wa sauti ya tatu hawaji mazoezini. Simu nimerudishiwa, na nimeshawaandikisha wote jukwaani. Kesho wanaimba kila mtu akiwa kwake.