Msumeno Mkubwa Kuliko Tembo

Jumatatu, 1 Julai 1968. Msambweni

Kusi limevuma usiku kucha na kuung'oa mkwaju wa Mzee Abdulkadir, mwoka mikate. Umelala ubavu, umeziba mlango wa jiko lake la uani. Jumapili hii anamwoza binti yake, Bibi. Pilau ya arusi itapikiwa wapi?

Nilikuwa wa kwanza kufika, msumeno wangu wa injini mkononi. Nikamwamkia Mzee shikamoo, nikampa pole, nikamwambia jua halitatua mti ukiwa bado hapo. Akafurahi. Akasema nikiuondoa, kuni zote zangu, na tangu siku hiyo mimi ndiye nitakayeleta kuni za tanuri lake. Tanuri la mikate! Haliugui, halisafiri, linakula kuni kila siku.

Jua limetua. Mti upo.

Msumeno wangu ni mdogo, nakubali. Upanga wake hauzidi mkono wangu kutoka kiwiko hadi vidole, na mikono yangu nayo si mirefu. (Jina langu ni Tembo. Marehemu baba alikuwa na matumaini.) Ulikula ganda, ukaingia kidogo, ukakwama, ukakohoa, ukazima. Papo hapo akapita jirani yangu Mramba, mkata kuni wa shoka, na baiskeli yake imesheheni. Akasimama. Akauliza kwa adabu kubwa kama hiyo cherehani yangu inashona na suruali. Watu wakacheka. Hata Mzee alikohoa kikohozi kisichotoka kifuani.

Jumanne, 2 Julai

Swali: niuache msumeno huu nichukue mkubwa, au nibaki nao? Nimelifikiria bila upendeleo. Sababu za kuchukua mkubwa: mti ni mkubwa. Tanuri ni kubwa. Mramba ni mkubwa. Sababu za kubaki na mdogo: nilikuwa nayo moja, ikanitoka kichwani wakati wa chai.

Mke wangu Khamisa akanikumbusha. Mdogo naweza kuubeba. Tena, akasema, mwaka mzima nakata mikanju na mivinje tu, na huo mdogo unaitosha. "Babake Mapenzi, kwani mikwaju huanguka kila wiki? Mwite Mramba na shoka lake, mgawane kuni, yaishe."

Tugawane! Na Mramba! Nikamweleza kwamba mwenye injini hamwiti mwenye shoka. Ni kama mwenye karabai kuomba mwanga kwa kimulimuli. Akasema haya, akarudi kukuna nazi. Haya ya Khamisa ina maneno mengi ndani yake.

Jumatano, 3 Julai

Nimekwenda Diani. Wazungu wengine waliondoka bendera iliposhuka. Kuna mmoja alichelewa, ameuza nyumba yake juzi tu na kurudi kwao. Vyombo alivyoacha vinauzwa na aliyekuwa nyapara wake, Menza.

Ulikuwa chini ya turubai. Menza alipoufunua, moyo uliniruka. Msumeno! Mrefu kama kitanda cha mtoto. Injini kama ya pikipiki. Na kwenye ncha ya upanga, mbele kabisa, una kishikio kingine. Nikauliza ni cha nini. Menza akasema ni cha mtu wa pili. Nikacheka sana. Nikajua nyapara huyu ni mtu wa mizaha.

Tumebadilishana. Nikampa msumeno mdogo. Akasema hautoshi. Nikamwongezea baiskeli yangu. Ilikuwa busara tupu mpaka nilipofika barabarani na kugundua kwamba nina mzigo mzito na sina cha kuubebea. Utingo wa basi alikataa usiingie ndani. Akaupandisha juu ya paa, na mimi nyuma yake, kati ya matenga ya kuku na mbuzi mmoja aliyenitazama njia nzima kama anayenijua.

Khamisa aliuona. Akauliza baiskeli iko wapi. Nikaenda kulala mapema.

Alhamisi, 4 Julai

Asubuhi uani kwa Mzee watu walijaa. Nikawataka wasimame mbali. Nguvu ya mashine hii, nikawaambia, si ya mchezo. Katika yote niliyosema leo, hilo tu lilikuwa kweli.

Nikavuta kamba. Ukanguruma! Nikainua upande wa injini; ncha ikabaki chini ikichimba mchanga. Nikavuta kwa nguvu zangu zote. Ncha ikapanda, ikaendelea kupanda, ikageuka, na mimi nikaifuata, maana mtu hakiachii hivi hivi kitu alichokitolea baiskeli. Tukaupita mkwaju. Tukakata mpapai. Tukakata kamba ya nguo. Tukalikata banda la kuku katikati. Hapo ukazima wenyewe, nadhani kwa aibu.

Kuku wa arusi wakatoka wote. Mtaa mzima umeshinda ukiwafukuza. Jogoo amepatikana juu ya paa la madrasa, na hataki kushuka.

Mzee hakupaza sauti. Alinishika bega akasema, "Mwanangu, nilikuomba uniondolee mti. Banda la kuku sikulilalamikia." Kisha akasema kwamba mti usipoondoka Jumamosi, arusi itahamia kwa shemeji yake Ukunda, na huko yuko mtu mwingine wa kuni.

Nilikuwa natafuta pa kutokea Bibi mwenyewe alipokuja. Akaniambia taratibu kwamba jiko lile alilijenga marehemu mamake, tofali kwa tofali, na alitaka sana chakula cha arusi yake kitoke pale. Afadhali angenitukana.

Ijumaa, 5 Julai

Menza hakuwa anafanya mzaha.

Baada ya sala nimemtafuta mtu wa pili. Shutu kinyozi alijitolea. Akashika kishikio, nikavuta kamba, akaachia, akakimbia. Kiatu chake kimoja bado kiko kwangu. Jirani mwingine, Abdalla, ghafla akashikwa na mgongo. Wengine wakapata safari. Khamisa alikuwa akitazama tu upande wa nyumba ya Mramba, kama mtu anayetazama iwapo mvua inakuja.

Nikaenda. Mramba akanikaribisha, akanitandikia mkeka, akanipa muhogo wa kuchoma. Akaniacha nizungumze habari za kusi, na za ng'ombe wa jamaa zake huko Mackinnon Road, mpaka habari zote zikaisha isipokuwa yenyewe. Nikaisema. Akatafuna. Akasema atakuja, kuni nusu kwa nusu. Lakini ana sharti.

"Kesho, mbele ya watu, uniamkie shikamoo."

Shikamoo! Mimi na Mramba tuliingia jando siku moja! Anadai yeye alizaliwa masika na mimi vuli ya mwaka huo huo. Nikasema kamwe. Nikasimama. Nikafika mlangoni. Nikamkumbuka yule binti na jiko la mamake. Nikarudi, nikakaa, nikaomba kipande kingine cha muhogo.

Jumamosi, 6 Julai

Nilikusudia kuisema haraka, ichanganyike na kikohozi. Mramba akasema hakusikia vizuri. Masikio yake ni ya mtu mzima. Nikarudia.

"Marahaba, mwanangu!" Nadhani wamesikia mpaka Majoreni.

Akashika upande wa injini, mimi kishikio cha nchani, ambacho kwa kweli kimetengenezwa kwa kimo changu. Ukanguruma. Ukazama ndani ya mkwaju kama kisu kwenye papai. Unga wa mti ukatujaa machoni na vinywani. Gogo la kwanza, pu! La pili, pu! Nikapiga kelele kwa furaha, Mramba naye akapiga. Akaniambia niegemee kushoto, nikaegemea kulia, akacheka nusura auachie. Kwa muda wote ule nilisahau kwamba simpendi.

Kilipobaki kipande cha mwisho, kile kilichoziba mlango hasa, petroli ikaisha. Kimya. Watu wakanitazama. Mramba akaenda taratibu kwenye baiskeli yake, akarudi na shoka. Mimi nikanyamaza. Sijawahi kunyamaza vile.

Mlango ukafunguka. Bibi akaingia jikoni kwa mamake, akachukua ufagio, akafagia mwenyewe. Hakuna aliyemzuia. Mzee Abdulkadir akageuka akajifanya anahesabu kuku.

Jumapili, 7 Julai

Arusi! Pilau imeiva kwa kuni za mkwaju wetu. Nimekula sahani yangu na nusu ya sahani ya Mramba, aliyekuwa akisalimiana na watu. Mzee akatuita sote wawili, akatangaza kwamba kuni za tanuri lake ni zetu kwa ushirika. Bibi arusi alinitumia kipande cha keki. Kikubwa, chenye waridi la sukari. Nimempa Khamisa waridi.

Tukiwa njiani kurudi nilimwambia nimepata funzo: mtu asikimbilie ukubwa wa kitu. Akasimama akanigusa kipaji cha uso kuona kama nina homa.

Jumatatu, 8 Julai

Leo nimekutana na Kibwana, fundi wa magari. Anasema Mackinnon Road kuna mashine ya mvuke ya kupasulia mbao, imekaa tu. Magurudumu ya chuma. Bomba lake la moshi peke yake linashinda mnazi mchanga! Mwenye mashine anataka kuiondoa uwanjani kwake, na yuko radhi kubadilishana na msumeno mkubwa. Nimemwuliza Kibwana maswali yote ya msingi. Inapiga honi? Inapiga.

Mramba sijamwambia. Nataka iwe furaha ya ghafla.

Khamisa nimemdokezea kidogo. Akauliza mvua zikija italala wapi. Nikamwambia hilo aniachie mimi. Sasa amekwenda kisimani, nami nimechukua kamba nikapima chumba chetu pembe hadi pembe. Kitanda kikitoka, itaingia.