Nilivyomfanya Sungura Kuwa Mama Mkwe Wangu

Jumatatu, 3 Julai 1995

Sungura wamefika! Wawili. Jike mweupe kama pamba safi, dume wa kijivu. Nimepewa na Novatus, aliyekuwa mlinzi wa ghala la chama cha ushirika. Amepunguzwa kazi kama mimi, anarudi kwao, hawezi kupanda basi na boksi la sungura. Jike nimempa jina Ruksa, dume Huria. Ndiyo nyakati zenyewe.

Mke wangu Minza amekataa. Hakupiga kelele hata kidogo. Amesema wakae nje kama mbuzi wa watu. Nikamwambia nje kuna nguchiro, kuna mwewe, kuna mbwa wa jirani yetu Marcelo. Akasema yeye kwao Shishiyu alilala chumba kimoja na ndama mpaka siku anaolewa, na kuna ndama alikuwa anamlamba nywele usiku kucha, na ndiyo maana alikubali posa yangu haraka vile. Sikujua hilo! Sakafu ya saruji ameingoja miaka kumi na tisa. Hakuna cha miguu minne kitakachoikojolea.

Ukweli nauandika hapa tu. Miaka kumi na minne nilikuwa karani wa mizani ya pamba. Wakulima waliniamkia mpaka nikachoka kuitikia. Sasa wanunuzi binafsi wameingia, chama kimefunga kituo, na mimi nashinda nyumbani tangu Aprili. Binti yetu Nancy ameolewa Mwanza. Minza yuko shambani au sokoni. Nataka sungura wakae ndani kwa sababu mimi ndiyo niko ndani. Basi. Mwanaume hawezi kumwambia mkewe kitu kama hicho.

Jumanne, 4 Julai

Mpango wa kwanza. Nimemwambia Minza kwamba bwana mifugo anasema harufu ya sungura inafukuza nyoka. Akabeba nyanya zake, akaenda sokoni. Karudi mchana. Amekutana na bwana mifugo penye duka la chumvi. Bwana mifugo hajaniona tangu mwaka jana. Na kuhusu nyoka, anasema nyoka wanampenda sana sungura. Kwa kumla.

Mpango wa pili. Nikawaficha chini ya kitanda. Ndani ya saa moja Ruksa ametafuna kitenge cha kwaya. Minza kanifuata nacho mkononi. Kaniuliza kwa upole kama naona mtakatifu aliyechorwa pale sasa ana miguu mingapi. Mmoja.

Jioni Marcelo kasimamisha pikapu yake kwenye ua wetu. Huyu ananunua pamba kwa niaba ya kampuni binafsi, yaani kazi yangu kaichukua na gari kaongezewa. Akaita kwa sauti, eti karani, siku hizi unapima sungura? Ni safi au fifi? Fifi ni pamba chafu. Watu waliokuwa nyuma ya pikapu wakacheka mpaka mmoja akashuka ili acheke vizuri.

Lazima sungura waingie ndani. Sasa ni suala la heshima.

Alhamisi, 6 Julai

Nimefanya dhambi na imefanikiwa.

Jana nilikwenda Kasoli kwa baiskeli, na jogoo kwenye mpini, kumwona Mzee Shigela. Ni mfumu, mganga anayesoma matumbo ya kuku. Mimi ni Mkatoliki, naimba besi. Lakini Minza kichwa kinamuuma tangu mama yake afariki, mwaka juzi, na nilijua nikimwambia twende kwa Shigela hatakataa. Nikamwomba mzee amwambie kwamba mama yake anataka kukaa ndani ya nyumba yetu, na anataka akae kwa mnyama mweupe mwenye masikio marefu. Shigela akasema wafu hawachezewi, kijana. Nina miaka arobaini na sita! Kisha akasema kwa kuku mmoja hawezi kusema maneno mengi hivyo. Nikaahidi wa pili.

Leo tumekwenda wawili. Akampasua kuku, akatazama matumbo muda mrefu. Akasema namwona mama, jina lake Ng'washi, anasikia baridi. Hana pa kulala kwa binti yake.

Nilidhani Minza atabisha. Hakubisha. Alishika kanga mdomoni akalia, njia nzima kutoka Kasoli, nyuma ya baiskeli yangu, mpaka shati langu likalowa mgongoni. Tulipofika alikwenda moja kwa moja kwenye boksi. Akamtoa Ruksa, akambeba kama mtoto, akamvusha kizingiti, akampitisha juu ya saruji, akamlaza chumbani kwetu juu ya blanketi jipya. Akapiga magoti. Mwangaluka, Mayu, akasema. Shikamoo, mama.

Nimeshinda! Niliingia chumbani nikitabasamu.

Minza kanigeukia. Kaniuliza nina adabu gani, kumkodolea macho mama mkwe kitandani.

Ijumaa, 7 Julai. Saba Saba

Sikulifikiria hili. Msukuma mzima, sikulifikiria.

Mkwe hakai chumba kimoja na mama mkwe wake. Hali naye. Hamtazami usoni. Akipita, unapisha. Yeye yuko chumbani kwangu, kwa hiyo mimi nimelala jikoni, kwenye kibanda cha nje, pamoja na kuku. Nikitaka suruali lazima nikohoe mlangoni, Minza anitolee. Asubuhi Ruksa alitoka kutembea sebuleni nikiwa nakunywa chai. Minza alinitazama tu. Nikatoka na kikombe.

Nikaomba basi angalau Huria arudishwe kwa mwenzake. Minza akaniuliza kwa mshangao kama nimesahau kwamba baba yake yu hai. Anakula ugali wake Shishiyu, ana meno yote. Sasa huyu dume ni nani wa kulala na Mayu?

Kwa hiyo Huria yuko jikoni na mimi. Ndani ya nyumba yangu kuna sungura, na mimi niko nje.

Marcelo kapita. Kauliza kama sikukuu naisherehekea na kuku. Ilikuwa kweli.

Jumapili, 9 Julai

Baada ya misa nilikuwa naosha miguu chini ya dirisha la chumbani. Minza alikuwa ndani anaongea na Ruksa. Kisukuma, taratibu, kama anasuka nywele. Nilijua ni vibaya kusikiliza. Nilisikiliza.

Alikuwa anaomba msamaha. Anasema, Mayu, mimi ni mtoto wako wa kwanza, na nilikuta umeshazikwa siku mbili. Wengine walikuosha, mimi sikukuosha. Wengine walikutupia udongo. Nimekuja napiga yowe, watu wameshaanza kuondoka na sufuria zao. Usifikiri nilikupuuza, Mayu. Barua ilichelewa. Ningeijua mapema ningekuja hata kwa miguu.

Sasa niandike. Hakuna mtu anajua hili, hata padre.

Barua haikuchelewa. Ililetwa na kondakta wa basi la Maswa, akaniachia kituoni, Jumanne saa tatu asubuhi. Mama amefariki, mazishi kesho. Mikokoteni ya pamba ilikuwa ishirini mbele yangu, na mkaguzi alikuwa anakuja siku ile, na nilitaka anikute kwenye mizani nimesimama peke yangu. Nikasema nitamwambia Minza jioni. Jioni nikaona atauliza kwa nini si asubuhi. Jumatano nikaona atauliza kwa nini si jana. Nikampa Alhamisi, nikasema ndiyo imefika. Kule Shishiyu wakalaumu kondakta. Mpaka leo Minza hapandi basi lile. Mkaguzi hakuja.

Nitamwambia. Kesho.

Jumatatu, 10 Julai

Niliamka na maneno tayari. Nikakohoa mlangoni. Minza akatoka anacheka. Anacheka! Miaka miwili sijausikia mlio ule. Akanivuta mkono niangalie kwa mbali, kwa pembeni, kwa heshima. Ruksa alikuwa ananyonyoa manyoya ya kifuani kwake anatengeneza kitanda. Ana mimba. Alikuja nayo.

Minza akamtazama Huria kwa jicho baya sana. Kisha akasema, tusimwambie baba.

Kichwa hakimuumi tangu Alhamisi. Kesho asubuhi anakwenda Shishiyu kwa baiskeli ya kukodi, akawalete baba yake na wadogo zake wa kiume, waje wamsalimie Mayu wote pamoja, amwombe msamaha mbele yao. Watarudi Jumamosi.

Nikasema, Minza, ile barua. Akauliza barua gani. Nikasema ile ya chama, ya mafao yangu, sijui kama itakuja. Akasema itakuja tu, Baba Nancy, usihuzunike. Akaniwekea nyama kubwa kwenye sahani.

Jumatano, 12 Julai

Ruksa amekufa.

Saa sita mchana nilisikia anapiga miguu sakafuni. Nikasimama mlangoni. Pazia liko mbele yangu. Mkwe haingii mama mkwe anapojifungua, hilo hata mtoto anajua. Nikakohoa. Anapiga miguu. Nikakohoa tena. Mimi mwenyewe ndiye niliyetunga uongo huu, mimi mwenyewe namjua huyu ni sungura wa Novatus, na nilisimama pale nakohoa! Nilipoita mke wa Marcelo aje aingie, ilikuwa kimya. Mtoto mmoja alikwama. Wote wamekwenda naye.

Nimemzika haraka nyuma ya jiko, kabla sijalia. Halafu nililia.

Marcelo kaja jioni. Mkewe kamweleza. Hakutania safari hii. Kanipa pole, akasema kesho alfajiri anapeleka gari Maswa, anaweza kupita Shishiyu. Niandike barua tu, Minza ataipata kabla ya saa nne.

Nimeandika. Mistari mitatu. Mayu amefariki, njoo.

Alhamisi, 13 Julai

Marcelo alipiga honi alfajiri. Nilitoka na barua mfukoni. Nikamwambia asihangaike, nimeshatuma mtu.

Nilifikiri hivi. Huzuni ya nini njiani, na yuko na baba yake mzee? Acha afurahi siku mbili zaidi.

Ijumaa, 14 Julai

Mpango! Tena mzuri. Huria na Ruksa walilingana kimo. Masikio yaleyale. Tofauti ni rangi tu. Nimenunua unga wa ngano nusu kilo. Nimempaka mara tatu, nikampangusa kwa mkono taratibu. Ukifunga dirisha, mweupe kabisa. Wakiuliza dume yuko wapi, nguchiro. Wakiuliza tumbo, sungura anazaa kwa siri, watoto wamefukiwa manyoyani. Minza ataomba msamaha wake, baba yake atasalimia, watakunywa togwa, watakwenda. Kisha nitamwambia yote. La barua pia. Yote kwa mpigo mmoja, Jumapili.

Jumamosi, 15 Julai

Wamefika saa nne. Minza, baba mkwe, shemeji zangu wawili, wote wameoga njiani mtoni. Minza hakukaa hata kwenye kiti. Kaingia chumbani, kampakata Huria gizani, kaweka shavu lake kwenye mgongo wake. Dakika moja nzima niliamini nimeshinda.

Huria akapiga chafya. Wingu.

Minza alisogea dirishani, akalifungua. Akatazama mikono yake. Akapitisha kidole gumba kwenye sikio la Huria, kijivu kikatokea. Nilitaka apige kelele. Hakupiga. Kaniuliza amekufa lini.

Baba mkwe alikuwa kasimama pale. Jibu lilikuwa neno moja tu, Jumatano.

Nikasema leo asubuhi.

Akakaa chini kwenye saruji. Akamshika baba yake mkono. Akamwambia, Baba, safari hii nimewahi. Anatoa machozi na anatabasamu. Hata unga hakuuliza, akasema najua ulitaka nisiumie, Baba Nancy. Akasema ni sawa, Mayu kamngoja. Akaagiza maji yawekwe motoni, atamwosha mwenyewe kwa mikono yake, atamfunga kwenye kanga, watamzika wote. Akaniambia nimlete.

Niko nyuma ya jiko na jembe. Daftari liko juu ya kinu. Nimeshafukua nusu. Siku tatu ni siku tatu.

Ndani shemeji mmoja ananiita, maji yamechemka. Bado naweza kuingia mikono mitupu nikasema yote, Jumatano hii na Jumanne ile. Ni hatua kama kumi na mbili.

Wakiuliza harufu, nitasema ni hili jua.