Kamera Yangu na Saa za Nakonde

Jumatatu, 6 Julai
Baridi, na upepo wenye vumbi. Amekuja Eva, mjukuu wa dada yangu, na wenzake wawili, Damiano na Nesta. Wote kidato cha tatu hapa Chapwa, Tunduma. Wanatengeneza video fupi kwa mashindano ya shule za mkoa. Kikundi kitakachoshinda kitapewa kamera. Kwa sasa hawana. Mimi ninayo, niliinunua nilipostaafu kufundisha jiografia. Wenye harusi hawaniiti siku hizi. Wanasema napiga sana paa la ukumbi. Paa nalo ni sehemu ya harusi.

Nimekubali kuwa mpiga picha. Nia yangu hasa ni kuigiza. Video itaonyeshwa Jumapili katika ukumbi wa kanisa, na ndani yake yumo Mzee Mshauri.

Jumanne, 7 Julai
Hadithi ni hii. Msichana, ambaye ataigizwa na Nesta, anakosa basi la kwenda kwenye usaili Mbeya, kwa sababu simu yake imenasa mtandao wa Zambia na kurudi nyuma saa nzima. Hapa Tunduma jambo hili humpata kila mtu. Niliwaeleza watoto habari za longitudo. Damiano alisinzia.

Nafasi ya Mzee Mshauri amepewa Clement, mwenye duka la vitenge mpakani. Eva anasema ndevu zake zinaonekana vizuri. Nikauliza kama ndevu ndizo zinazoshauri. Akasema, kwa heshima zote babu, ukiigiza wewe, kamera atashika nani?

Jumatano, 8 Julai
Mazoezi dukani kwa Clement. Alinipokea kwa mwashibukeni, salamu yao ya asubuhi, kama vile mimi ni mteja wa Nakonde, upande wa Zambia. Nikampiga picha miguu tu. Nesta akauliza mbona kichwa cha babu Clement hakipo. Nikamweleza kwamba viatu huonyesha tabia ya mtu. Akauliza kandambili zinaonyesha tabia gani.

Nikaona saa ya ukutani. Clement anaiacha kwenye saa za Zambia, kwa ajili ya wateja wake. Wazo likaja lenyewe.

Alhamisi, 9 Julai
Tutarekodi Jumamosi, stendi ya mabasi. Msimamizi wa stendi ametoa ruhusa asubuhi hiyo tu, kabla abiria hawajajaa. Dereva mmoja amekubali msichana akimbize basi lake likiondoka. Mara moja, harudii. Eva amesema tukiharibu hapo, hakuna video na kamera tuisahau. Nikamwambia atulie, taarifa kwa Clement nitaipeleka mimi.

Nimemwambia Clement tukutane saa mbili. Sikusema saa za wapi. Atafuata saa ya dukani kwake na kufika saa tatu. Watahitaji mzee papo hapo. Nitakuwepo, nimevaa koti langu la harusi. Kamera atashika Damiano. Sioni kasoro.

Ijumaa, 10 Julai
Koti limepigwa pasi. Simu nimeiweka dirishani, upande wa Nakonde, ambako mtandao ni mzuri, nisikose kuisikia ikilia kuniamsha.

Jumamosi, 11 Julai
Simu ililia saa kumi na mbili kamili. Nje kulikuwa kumeshakucha. Nikadhani ni mambo ya tabianchi. Nikanywa chai bila haraka.

Aliko wa bodaboda aliuliza kama nawahi basi la saa tatu. Nikamwambia bado mapema, simu inaonyesha haijafika hata saa mbili. Akaniuliza, mwalimu, saa za wapi?

Stendi nilikuta Clement amekaa kwenye benchi, amechana ndevu. Kumbe alikuwa amempigia Eva kuuliza saa mbili za upande gani. Anasema amesoma maneno yake ya kuigiza na yanafundisha hivyo. Sikutegemea mtu asome.

Walikuwa wanarekodi kwa simu ya Damiano. Basi likang'oka, Nesta nyuma yake. Mimi nikadhani watoto wanahamia kwingine bila mimi. Nikakimbia na koti langu, stendi ya kamera begani, nikiwaambia wanisubiri, saa mbili bado. Nikampita Nesta. Kisha msimamizi akatutoa.

Eva hakunigombeza. Aliketi chini na kufunika uso kwa kitenge. Hilo lilinisumbua mpaka mchana.

Jumapili, 12 Julai
Eva hakuwa na kipande kingine, akakitumia hichohicho. Ukumbi mzima ulicheka. Mchungaji alifuta machozi. Mwalimu anayekusanya kazi za mkoa akasema video hii inaenda, na inaenda kwa sababu ya yule mzee wa koti. Eva akanishika mkono. Damiano akasema, babu umetisha.

Lakini mwisho wa video alitokea Clement pale ukutani, akasema taratibu kwamba ukipewa saa, uliza ni saa za wapi. Akapigiwa makofi marefu kuliko yangu. Nimelitafakari jambo hilo njia nzima na kosa nimeliona: koti lilikuwa zito.

Bahati nzuri, upepo umeingilia sauti ya Clement, na sehemu yake itarudiwa Jumamosi kabla video haijaenda mkoani. Nimeshamwambia tukutane saa nne. Sikusema saa za wapi; safari hii nimemwambia mbele za watu, ataona haya kuuliza.

Simu iko dirishani. Mtandao umejaa.